Kuni Zilizobaki Mpakani

Jumapili, 2 Agosti 2009

Likizo. Nimerudi kutoka shuleni Bungoma jana. Niko kwenye simba yangu, kibanda changu cha ujana, peke yangu. Tangu nilipotahiriwa Agosti mwaka jana siruhusiwi tena kulala nyumba ya Mama. Vijana wengine huona raha. Mimi jioni namsikia Mama na dada zangu wakicheka kule jikoni na natamani kujua wanacheka nini.

Mikaratusi ya mpakani inakauka! Baba aliipanda kabla sijazaliwa, mstari mmoja kati yetu na kina Chesang. Ile mitatu iliyo kando ya rundo la kuni, vilele vyake vimegeuka rangi ya tumbaku. Mvua imekataa mwaka huu, labda ni hiyo. Lakini miti mikubwa hivyo?

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Kiplangat alikuja kwa njia yake, kupitia mwanya wa ua. Ni mtoto wa Mzee Chesang, jirani yetu; wao ni watu wa mlimani. Ndiye rafiki yangu. Sina wa pili.

"Niaje, msomi! Umeleta kitabu gani cha kunilaza usingizi?"

Nimeleta cha nyota. Akasema afadhali, cha mwaka jana kilikuwa cha mawe.

Tulienda kutazama miti. Shina moja linatoka utomvu mwekundu, umekauka kama damu. Kuna matundu ya umbo la yai kwenye gome. Kiplangat alisukuma jani la nyasi tunduni, likazama lote.

"Hapa kuna mtu anaishi," akasema. "Na hajapiga hodi."

Nilicheka sana. Sijacheka hivyo tangu Aprili.

Jumatano, 5 Agosti 2009

Mbona nilifungua mdomo!

Tulikuwa tunakula. Baba akauliza kama kuna mtu amekuwa akizunguka miti yake. Baba huwa haniulizi kitu, kwa hivyo nilitaka niwe na jibu. Nikasema nilimwona Mzee Chesang jana upande wake wa ua, na pampu mgongoni.

Baba aliacha tonge. "Alikuwa anapulizia nini?"

"Ng'ombe wake. Dawa ya kupe."

Lakini alikuwa ameshasimama. Sijui kama alisikia la ng'ombe. Mama alinitazama tu.

Jumamosi, 8 Agosti 2009

Baba ameziba mwanya kwa miiba. Anasema Chesang ameua miti kwa dawa. Ati Aprili walizozana, Chesang akilalamika kuwa mikaratusi inanyonya maji ya shamba lake. Hilo la kuzozana ni kweli, nilisikia hata mimi. Tumekatazwa kuongea nao.

Saa kumi Kiplangat alipiga mluzi kutoka upande wao. Mara ya kwanza, mara ya pili. Baba alikuwa karibu ananoa panga.

Sikuitika.

Jumanne, 11 Agosti 2009

Baba alienda Kimilili sokoni. Nilichukua kisu nikabandua gome la mti wa kwanza. Lilitoka kirahisi, kama ganda la ndizi iliyoiva! Chini yake mbao yote imechorwa mifereji, imejaa unga ulioshindiliwa. Na funza — mweupe, mnene, kichwa kipana kuliko mkia. Chini ya gome lililolegea nilimpata mkubwa wao: mbawakawa wa kahawia mwenye mstari wa rangi ya maziwa mgongoni, vipapasio virefu kuliko mwili wake. Mzuri, kusema kweli. Nimemfungia kwenye kopo la majani ya chai.

Si dawa! Si Mzee Chesang! Niligeuka kumwita Kiplangat, nikakumbuka.

Ijumaa, 14 Agosti 2009

Kitale, kwa shangazi Nabwile. Mama alinituma nimpelekee ndizi, mimi nikabeba na kopo. Maktaba ina kitabu kinene cha wadudu wa miti. Picha ya ukurasa mzima — ni yeye! Hakuzaliwa Afrika, aliletwa ndani ya mbao. Hupenda mikaratusi yenye kiu. Dawa yake ni moja: kata iliyokufa, choma na magome yake kabla watoto hawajaruka kwenda kwa mingine.

Nilifurahi mpaka mzee aliyekuwa akisoma gazeti akanitazama.

Halafu nikasoma tena sehemu ya chini. Hutaga pia kwenye magogo yaliyokatwa ambayo hayajatolewa gome. Ndivyo husafiri.

Zile kuni.

Mwaka jana, kwa sherehe ya tohara yangu, Baba alileta lori zima la magogo ya mikaratusi kutoka Endebess. Lori! Majirani walitoka nje kulitazama. Watu walipika siku zile zote na kuni hazikuisha. Mpaka leo wageni wakija wanazisifu. Baba alizipanga kando ya miti yake, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. "Hizo ni kuni za Wekoye," humwambia kila mtu. Mimi, Wekoye mwenyewe, hajawahi kuniambia neno kuhusu siku ile. Lakini huwaambia watu kuhusu zile kuni, nami nikiwa karibu nasikia.

Shangazi ameuliza mbona sili.

Jumapili, 16 Agosti 2009

Nimeyatazama magogo. Matundu yale yale, ya zamani, mengine yana utando wa buibui. Walisharuka. Wengine bado wamo, nimesikia wakitafuna nilipoweka sikio.

Nilimwambia Mama. Aliendelea kuchambua mboga.

"Usimwambie baba yako hivyo."

"Lakini Mama, Mzee Chesang—"

"Nimesikia. Yeye ana jambo lingine gani la kujivunia, Wekoye? Lile moja alilofanya likaonekana, unataka kumpokonya mbele ya watu?"

Nilimsaidia mboga kidogo, mpaka akaniambia niende, si kazi ya mwanaume.

Jumatatu, 17 Agosti 2009

Nilijaribu kwa kuzunguka. Nilimwambia Baba tukate iliyokauka tuichome, ile mingine ipone. Kuni sikuzitaja.

"Hakuna kukata. Hiyo miti ni ushahidi. Liguru atakuja Alhamisi na wazee wa kijiji waione ikiwa imesimama."

Mti wa nne umeanza. Ushahidi unaongezeka!

Kisha akaniketisha. Alisema nimeshatoka utotoni, nitasimama mbele ya wazee niseme nilimwona Chesang na pampu. Nikauliza, na ng'ombe?

"Ng'ombe hukuulizwa."

Anataka liguru, mkuu wa kijiji, amkubalie afunge ile njia ya kina Chesang inayopita kwetu kwenda kisimani. Alinishika bega alipokuwa akisema haya. Mkono wake ulikaa pale muda mrefu. Aibu kuandika, lakini nilitaka ukae.

Jumatano, 19 Agosti 2009

Kiplangat, kisimani. Hakusema niaje.

"Ati wewe ndio shahidi."

Nilisema mambo si hivyo.

"Ni vipi, basi? Si useme." Alijaza jerikeni lake taratibu, kusudi. "Njia ikifungwa mama yangu atakuwa anazunguka hadi barabarani na ule mguu wake. Sawa tu. Soma nyota zako."

Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuja alipokwisha kupanda mlima.

Alhamisi, 20 Agosti 2009

Naandika hii jioni, nimekaa mlangoni.

Walikuja wengi. Liguru aliketi kwenye kiti chetu kizuri, chini ya miti yenyewe, akatazama juu, kisha akamgeukia Baba. "Wanjala, hapa hata kivuli hakuna. Umetuita kwa kesi ama kutukausha na sisi?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mzee Chesang alisimama pembeni, kofia mkononi. Kiplangat nyuma yake, akiangalia viatu.

Baba aliongea vizuri. Halafu: "Kijana wangu aliona kwa macho yake. Simama."

Nilisimama. Niliogopa kuliko siku ya tohara, na siku ile kulikuwa na kisu.

Nikasema nilimwona Mzee Chesang na pampu. Baba akatikisa kichwa kukubali. Nikasema alikuwa anapulizia ng'ombe dawa ya kupe, na ng'ombe walikuwepo, wawili, na yule ndama.

Liguru akainama mbele. "Sasa, kijana, miti inauawa na nini?"

Nilikuwa nimejipanga kusema sijui. Kweli kabisa. Ningesema sijui na Mzee Chesang angeenda nyumbani salama, na Baba pia. Lakini mama mmoja nyuma akasema kama si dawa basi ni uchawi, hao watu wa mlimani wanaujua, na wengine wakaguna kukubali. Nikaona Kiplangat ameinua uso.

Nikaenda kwenye rundo. Nikavuta gogo moja, nikaligonga kwa panga, gome likaanguka. Wakaona. Unga, mifereji, funza wanajikunja juani. Kisha nikabandua gome la mti: vile vile. Sikuweza kueleza zaidi. Nilisema tu, "Walikuja na kuni."

"Kuni za nani?" akauliza mwanamke aliyeolewa hapa juzijuzi, asiyejua.

Wazee wakamtazama Baba.

Baba aliinuka, akaingia nyumbani. Liguru akakohoa, akasema njia ibaki wazi, na kwamba amechelewa mahali. Mzee Chesang alinipita bila kunishika mkono. Nafikiri alinionea huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kiplangat alisema "Wekoye," basi, akamfuata baba yake. Mama amejifungia jikoni. Leo hakuna anayecheka kule.

Nilidhani Baba hatatoka tena. Saa kumi na moja alitoka na shati la kazi. Anabeba kuni. Moja moja, kutoka kwenye rundo hadi katikati ya shamba la mahindi yaliyokauka, anazipanga za kuchomwa. Anapita mbele ya mlango wangu kwenda, anapita kurudi. Haniangalii. Mara mbili niliinuka, mara mbili nikaketi. Nikienda, je, itakuwa nimeenda kumsaidia au kumkumbusha?

Rundo limefika chini. Limebaki gogo lile nene lililokuwa msingi wa mengine. Amelijaribu, halinyanyuki. Amelijaribu tena. Angeweza kulibingirisha, ama kuliacha hadi kesho, ama kuita mtu.

Hajaita. Amenyanyua ncha moja mpaka kiunoni, na amesimama hivyo hivyo, mgongo kwangu, ameishika. Haiweki chini. Ncha ya pili bado imelala, haina mtu.