Maelezo ya Mkamuaji Kuhusu Mimba ya Ng'ombe Aitwaye Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anafahamika kazini na nyumbani kama Mzee Ndoo
Umri: Miaka 54
Kazi: Mkamuaji, shamba la utafiti wa ng'ombe wa maziwa
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, ndani ya shamba hilo
Tarehe na saa: 17 Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi
Yahusu: Malalamiko kwamba fahali wa jirani aliingia shambani na kumpa mimba ng'ombe wa utafiti

Natamka mbele ya afande, nikiwa na akili timamu, sijalewa wala kushurutishwa na mtu, kwamba mnamo tarehe 4 Machi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilipaka rangi ya bluu kwenye tako la ng'ombe asiyehusika. Afande amecheka. Nimeomba hilo lisiandikwe.

Shambani hapo nina miaka kumi na tisa. Shule niliishia darasa la sita, ila utafiti nimeusomea nyuma ya Daktari, nikiwa nimemshikia ndoo. Daktari ni mama wa makamo asiye na makuu, na hupima kila kitu: maziwa, damu, mkojo, hata unene wa mgongo wa ng'ombe kwa vidole vyake. Anachotafuta ni kwa nini ng'ombe wa maziwa mengi huchelewa kushika mimba tena baada ya kuzaa, na kama akipumzishwa kwanza anapata nafuu. Kwa hiyo amewagawa. Nusu wanapandishwa siku ya sitini baada ya kuzaa, kwa mrija wa mbegu, si kwa dume. Nusu wanaachwa mpaka siku ya mia na ishirini. Mwalimu yuko nusu ya kwanza. Shangazi yuko kwenye mapumziko. Afande ameuliza, nami nathibitisha kuwa Mwalimu na Shangazi wote ni ng'ombe.

Zamani nilidhani maziwa ni majani yaliyobadilika rangi. Daktari ndiye aliyenitoa ushamba. Ng'ombe akishazaa, maziwa yanamtoka kuliko anavyoweza kula, basi mwili unayeyusha mafuta ya mgongo na kuyamimina kwenye ndoo yangu. "Mzee wangu," aliniambia, "hapo unamkamua yeye mwenyewe." Tangu siku ile, kabla sijashika chuchu, huomba radhi kimoyomoyo. Na mwili ukiona umepungukiwa, unafunga kizazi kama duka lililoishiwa bidhaa, mpaka akiba irudi. Hakuna anayeuambia. Mimi chumba changu tu kinanishinda kupanga.

Kuhusu rangi nasema hivi. Ng'ombe wetu wana utaratibu wa kuingia kukamuliwa ambao hawajauvunja kwa miaka. Wa kwanza ni Kijiko, wa sita Mwalimu, wa saba Shangazi. Saa zao ni kamili kuliko za meneja. Kwa hiyo mtu akiniambia leo anapandishwa Mwalimu, mimi nahesabu sita, napaka, basi. Namba ipo sikioni, lakini kuisoma ni kuzunguka mpaka mbele, na mbele kuna pembe.

Alfajiri hiyo Kijiko, aliyezaa juzi yake, alikuwa ameanguka bandani kwa homa ya maziwa. Ugonjwa huo ni wa chokaa kumwishia mwilini kwa sababu yote imekwenda kwenye maziwa. Shingo ilikuwa imepinda, masikio ya baridi. Daktari alimtundikia dripu, nami nilikuwa nimeshika chupa juu kwa mikono miwili. Baada ya nusu saa hivi, Kijiko alitetemeka, akacheua hewa, akainuka kwa miguu yake kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni. Mimi ni mtu mzima, lakini machozi yalinitoka. Daktari alisema ni vumbi la nyasi. Nilimshukuru kwa hilo.

Nikakimbilia kazini na macho yale yale. Nikahesabu sita, nikapaka. Sikukumbuka kwamba Kijiko hakuingia, na wote walikuwa wamesogea nafasi moja. Mpandishaji, ambaye tunamwita Bwana Baridi kwa sababu ya mtungi wake wa mbegu, alimpandisha mwenye rangi na kuandika kitabuni "Mwalimu", kama nilivyomwambia. Naye hakusoma sikio.

Mnamo tarehe 14 Aprili, saa tatu asubuhi, Daktari alipima mimba kwa mashine yenye kioo kama televisheni ndogo. Mwalimu hakuwa na kitu. Shangazi alikuwa nacho. Daktari alinisogeza nitazame. Ndani ya weusi kulikuwa na kitu kidogo kama ncha ya kidole, na ndani ya kitu hicho nukta ikipiga, ikipiga, haichoki. Nilivua kofia. Daktari alinong'ona, "Huyu amekonda, damu yake inaonyesha anajila mwenyewe. Hakupaswa kushika." Kisha akasema mimba ina siku arobaini na moja. Nilihesabu kurudi nyuma, nikafika kwenye dripu ya Kijiko, nikavaa kofia yangu.

Meneja alisema jirani ana dume, basi ni dume, na kama si dume ni mfanyakazi, na huyo ataondoka na ndoo yake. Nilichukua ndoo yangu, nikaenda kuiosha. Kesho yake askari walimchukua mnyama wa jirani huyo, mama muuza maji, na meneja akaomba achinjwe asije akarudia.

Nilipoulizwa kama namfahamu mnyama huyo, nasema namfahamu kwa kichwa tu. Miaka mitatu tunatazamana juu ya ua wa michongoma. Mwili wake hukaa upande wa pili. Ua haujatoboka popote. Leo nimempita nyuma ya kituo amelala, anacheua, hana kinyongo.

Jana jioni nilikutana na yule mama amebeba madumu, moja kichwani, moja mkononi, kwa kuwa mkokoteni hauna wa kuuvuta. Alinisalimia, "Mzee Ndoo, hujambo? Shangazi wako anaendeleaje?" Nilisema anaendelea vizuri. Sikulala.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilimweleza Daktari yote. Alichukua daftari lake, akafuta mstari, akaandika mwingine. "Nenda kituoni sasa hivi," alisema, "halafu urudi. Saa tisa tunakamua, na Shangazi hapendi mikono migeni."

Kwa hiyo mnyama huyo hana kosa. Kosa ni langu na la hesabu yangu. Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo. Nimesomewa, na nimeyatambua kuwa ni maneno yangu, pamoja na yale niliyoomba yasiandikwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi. Saa sita mchana nilikwenda nyuma ya kituo kumkagua fahali anayeshikiliwa. Mwenye mnyama, ambaye amekuwa akiomba kusikilizwa tangu tarehe 15, alimsimamisha na kunionyesha kwa kidole mahali pa kutazama. Ni maksai.