Siku Tepu Rekoda Iliponisema

Alhamisi, Juni 1969.

Mvua imenyesha tangu saa nane na haijapumzika. Soksi zangu zimelowa, chai imepoa hapa mezani, na mimi sijali. Haki, sijali hata kidogo! Kengele ya chakula bado haijalia, kwa hivyo wacha niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja la leo.

Tepu rekoda imefanya kazi!

Kwa mihula miwili nimemsumbua Mkuu wa Chuo juu ya mashine hiyo. Ilikuwa stoo, ndani ya sanduku la mbao, chini ya magodoro ya bweni. Iliachwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyefunga virago baada ya Uhuru, na tangu hapo hakuna aliyeigusa, kila mtu akiogopa kuambiwa ndiye aliyeiharibu. Mkuu alikuwa na jibu moja tu kwangu: "Karanja, kufundisha ni chaki na koo." Wiki jana alinichoka, akanitupia ufunguo. Nikapangusa vumbi, nikanunua betri sita za tochi pale mjini, nikasema moja, mbili, tatu. Mashine ikanirudishia moja, mbili, tatu kwa sauti yangu mwenyewe. Niliruka jameni, mtu mzima na tai shingoni.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Niliitaka mashine hii ili nijirekodi. Katika chuo hiki mimi ndiye mwalimu wa mfano, sauti yangu inasikika hadi jikoni, na niliona ni vizuri wanafunzi wanaosomea ualimu waisikilize na kuiga. Ndiyo hivyo. Kiburi kitupu.

Halafu kuna Mama Selina.

Mama Selina Jepkoech ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, ila kwa umri anaweza kuwa dada yangu mkubwa. Alifundisha miaka minane bila cheti kule Ainabkoi, katika shule ya shamba ambalo wanachama walinunua kwa pamoja kutoka kwa Mzungu. Kamati ya shule ikamwambia asipopata cheti watatafuta mwalimu mwingine. Mwaka jana tulimwangusha katika mazoezi ya kufundisha. Mwaka huu ndio wa mwisho, hakuna kurudia tena. Mkuu alikuwa ameshaandika kwenye karatasi yake: "Hapana. Hana sauti ya mwalimu." Leo jioni ilikuwa tu niongeze sahihi yangu.

Na nilikuwa tayari kuitia. Mara mbili nimeenda kumkagua, nikakaa dakika kumi nyuma ya darasa, nikakuta kimya, nikaandika "Darasa limelala," nikaondoka zangu.

Leo asubuhi tulipanda Ainabkoi na Landrover ya chuo, ukungu mpaka kwa pua. Shule yenyewe ni ile nyumba ya kukaushia pareto ya Mzungu. Wanachama waliikata madirisha, wakaweka ubao, na mpaka leo ukiingia unapiga chafya kwa vumbi la maua yale. Darasa la nne ni kubwa, kwa hivyo limegawanywa mara mbili. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mimi nifundishe nusu ya kwanza, Mama Selina afundishe nusu ya pili, somo lilelile la eneo, mashine ikirekodi. Akisikia sauti yake kando ya yangu, nilijiambia, labda ataona aibu apandishe sauti. Nilidhani ninamsaidia!

Nikafundisha. Nilinguruma! Watoto wakanguruma pamoja nami. Nikatoka nikiwa nimelowa jasho katika baridi ile. Kisha nikaweka mashine dirishani kwa Mama Selina, nikabonyeza, nikaenda kuota moto jikoni kwa mpishi. Sikusikiliza hata dakika moja.

Saa kumi jioni tulikuwa ukumbini hapa chuoni, mwaka wa mwisho wote, walimu, na Mkuu kiti cha mbele amekunja mikono. Mama Selina alikaa karibu na mlango, kitambaa kichwani, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Mimi nikaweka tepu yangu kwanza. Sikuwa nimeijaribu. Ya nini? Si ni mimi?

Sauti ikatoka safi. "Eneo ni nini?" Watoto wakajibu kwa wimbo, "Urefu mara upanaaa!" Nikatabasamu. "Mmeelewa?" "Ndiyo Mwalimuuu!" Nikaangalia Mkuu, akaitikia kwa kichwa, amependa. Nikaeleza kidogo, nikauliza tena kama wameelewa, nao ndiyo Mwalimu. Nikauliza swali, nikalijibu mwenyewe. Nikauliza lingine, nikalijibu hilo pia. Hapo nikaanza kuhisi kola inanibana.

Kisha tepu ikasema, kwa sauti yangu hii hii: "Nani hajaelewa?"

Na watoto wote, kwa furaha: "Ndiyo Mwalimuuu!"

Wacha tu! Ukumbi ulipasuka. Mwanafunzi mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Mkuu mwenyewe alitoa leso akajifuta macho. Nami nikasimama pale na kidole kwenye kitufe, nikajicheka, maana ningefanya nini? Miaka kumi na moja nafundisha. Miaka kumi na moja naambiwa ndiyo. Hawa watoto wananijibu vile wanavyojibu salamu. Iliniuma sana, na inaniuma hata sasa nikiandika.

Nikaweka tepu ya Mama Selina upesi, nijifiche nyuma yake.

Kimya.

"Imekufa?" Mkuu akauliza. Nikaangalia, tepu inazunguka. Tukasikia bati likilia kwa baridi, kuku akipita, mtoto akikohoa. Kumbe alikuwa ameshauliza swali, kwa ile sauti yake ya chini, na hatukulisikia kwa sababu ya kicheko. Nikarudisha nyuma. Swali lilikuwa hili: mashamba mawili, kila moja limezungushiwa kamba ileile ya hatua arobaini. Moja lina hatua kumi kila upande. Lingine ni refu hatua kumi na nane, upana hatua mbili tu. Je, ni sawa?

Kimya tena. Kirefu! Mimi ningekuwa nimeshajibu mara nne.

Ndipo mvulana akasema ni sawa, kwani kamba si ni moja? Mama Selina hakusema ndiyo wala hapana. Akangoja. Na kasauti ka msichana kakatokea mbali, nyuma kabisa: "Si sawa. Ile nyembamba, ng'ombe akiingia hawezi kugeuka."

Wakaanza kubishana! Watoto wa darasa la nne, wanabishana na kujibizana, na mwalimu wao anasema tu, "Mtajuaje?" Tukasikia wakishuka sakafuni na chaki, wakichora miraba, wakihesabu kwa sauti. Mia moja! Ile nyingine, thelathini na sita! Vurugu tupu. Halafu yule msichana, polepole sana: "Mwalimu, sisi nyumbani tulipewa ile nyembamba."

Ukumbini hakuna aliyecheka.

Mkuu alikunjua mikono. "Rudisha hapo," akasema. Nikarudisha. Akasikiliza ameinama, vidole vinahesabu kwenye goti. "Rudisha tena." Sasa nikajua anatafuta kosa la kummalizia mama wa watu.

"Hiyo ni hesabu ya darasa la ngapi?"

"La nne, Mzee."

Akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Kumbe na yeye amenunua hisa za shamba kule upande wa Moiben pamoja na wenzake. Kabla serveya hajaja kupima ardhi, kamati yao iligawa mashamba kwa kamba ya katani, kila mtu azungushiwe kamba moja ili kusiwe na ugomvi. Wakamwacha achague kwanza kwa heshima ya ualimu. Akachagua lile refu, kando ya barabara, kwa sababu lilionekana kubwa!

"Urefu mara upana nimeuimba tangu misheni," akasema. "Nimewaimbisha watu wengine miaka ishirini. Na leo mtoto wa Ainabkoi ananionyesha shamba langu."

Akaitisha karatasi ya Mama Selina. Akakata lile neno "Hapana," mstari mmoja mnene. Akaandika "Amepita," na chini yake, "Tujifunze kwake." Akanipa kalamu, nikatia sahihi. Ukumbi mzima ulipiga makofi na vigelegele. Mama Selina alifunika uso na kitambaa chake, mabega yakitikisika, hakuinuka kwa muda mrefu. Miaka minane, jameni. Na ilikuwa imebaki sahihi moja tu tumwangushe.

Baadaye nikamfuata kwenye baraza, tukiangalia mvua. Nikamwomba msamaha kwa zile dakika kumi zangu za nyuma ya darasa. "Hakuna neno, Mwalimu," akasema. "Hata mimi hiyo mashine iliniogopesha." Nikamuuliza anawezaje kunyamaza hivyo, mtu asipatwe na wazimu? "Ninahesabu moyoni mpaka kumi na tano," akasema. "Wengi huanza kuongea nikifika kumi na mbili."

Mkuu ameniachia ufunguo wa stoo. Jumatatu nitarekodi kila mwanafunzi anayefundisha, nao wajisikie wenyewe, kama nilivyojisikia. Betri nitanunua hata kama ni kwa mshahara wangu.

Lakini kesho ni zamu yangu, kipindi cha kwanza asubuhi. Nitauliza swali moja, halafu nihesabu. Nimejaribu sasa hivi hapa mezani, peke yangu, nione kama ninaweza. Nilifika sita, nikajikuta nimeshajijibu.

Nianze tena. Moja. Mbili.