Neema Kavuka Mto

Goba, Jumanne.

Miaka ishirini nimetengeneza friji za chanjo kwenye zahanati za mbali, na leo binti yangu kaniaibisha.

Neema kapiga simu kutoka kituo chake kipya cha kazi, zahanati moja bonde la Rukwa. Friji imezimika, na kesho kinamama wanaleta watoto. Mama yake akaninong'oneza, "Baba Neema, mwambie arudi. Huko ulikozunguka wewe kunatosha."

Mie nikajitia fundi: usifungue mlango, kagua waya…

"Baba, chanjo nimeshazipeleka kijiji cha pili, kuna friji nzima," kasema, anacheka. "Nimevuka mto, kasha kichwani. Kesho nazifuata alfajiri. Nataka tu kujua hii friji mbovu inaponaje."

Kuvuka! Mie nikikuta mto umejaa nilikuwaga nasubiri siku tatu, nakula samaki wa watu, halafu ripotini naandika "hali ya hewa".

Naogopa, sifichi. Maji yale nayajua.

Simu ilipokatika Mama Neema akauliza, "Umemwambia?"

Sikumwambia. Nilisimama sebuleni kifua mbele, kana kwamba mto nimeuvuka mimi.