Kiti cha Nyuma

Jumatatu, bandani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila sina nguo kavu hata moja. Barua hii nampa dereva wa mikate, maana simu najua huipokei.

Leo ni siku ya tano ya mvua. Mashindano ya ndege zisizo na injini yamegeuka mashindano ya karata. Ndege tumezifunga kamba, na marubani wanakoroma chini ya mabawa. Kila asubuhi mtabiri wa hali ya hewa anasema, "Labda kesho," nasi tunamzomea.

Baba, mkaguzi ameikagua ndege yako. Gundi ya mbao imechoka; baada ya Jumapili hairuhusiwi kuruka tena. Njoo turuke nayo mara ya mwisho. Kiti cha nyuma ni chako.

Binti yako


Jumatano, nyumbani

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, nami siyasikilizi.

Mkaguzi hakukosea. Gundi ile niliipaka mwenyewe kabla hujazaliwa. Lakini kuja, sitakuja. Tangu tumzike mama yako sijakanyaga uwanja huo.

Msimzomee mtabiri. Mama yako alifanya kazi hiyo hapo hapo, marubani wakimwita Bibi Mawingu. Mwaka tuliokutana mvua ilinyesha siku tisa. Siku ya kumi anga likatakata, nami nikaona nitaruka, nitaifunga ndege kwenye tela, nitaondoka, na sijamwambia neno. Alfajiri nikamwaga kikombe cha maji katika kipimo chake cha mvua ili aahirishe kuruka. Akapanda juu ya pipa mbele ya watu wote: "Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha ndani ya kipimo changu tu, tena imenyesha na majani ya chai." Kikombe sikukiosha! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni akaniletea chai, akasema, "Hii unywe, usimwage."

Usinisubiri. Hewa haina adabu ya kungoja wazee.

Baba yako


Ijumaa, bandani

Baba,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma kwa sauti. Watu wamecheka hadi karata zikawadondoka. Mbona hukuwahi kunisimulia?

Mashindano yamevunjwa. Siku za kuruka hazikutosha, hakuna mshindi. Wengi wamefunga matela wakaenda zao. Mimi nimebaki. Mtabiri anasema kesho mchana jua litawaka kwa muda wa saa mbili, na hewa ya joto itapanda, itubebe. Dereva wa mikate atasimama mlangoni kwako asubuhi na kupiga honi mara moja. Usipotoka, nitaweka gunia la mchanga kwenye kiti chako kusawazisha uzito. Gunia halinigombezi, lakini halinijui.

Binti yako


Jumatatu, nyumbani

Mwanangu,

Natumai umefika kwako salama na baridi ya juu haikukubana kifua. Mimi mzima.

Jumamosi, tukiwa angani, uliniuliza mara tatu, "Baba, unaogopa?" Sasa nakujibu. Sikuwa naogopa. Ndege hiyo niliijenga kwa mikono yangu, nikairusha miaka kumi na saba, na siku zote nilikaa mbele. Mama yako alikaa nyuma. Nikimuuliza, "Unaona vizuri?" alijibu, "Naona kila kitu." Nilidhani anaona mito, mashamba na mapaa, kama nilivyoona mimi.

Jumamosi nilijua kwamba kutoka kiti kile mtu haoni mbele. Huona kisogo cha rubani, basi.

Kisogo chako kimeungua jua. Kipake mafuta.

Baba yako