Ukigusa Umecheza

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana barua yangu si ya kusomwa umesimama. Goti lako linasemaje? Shemeji, kifua kimetulia? Na binti yako, na mwanawe, yule bwana mdogo wa miezi mitano, wazima wote? Mimi nipo, nakula, nalala, na mdomo bado unafanya kazi kuliko viungo vingine vyote. Anayeniandikia ni fundi viatu wa hapa chini ya ngazi, yule wanayemwita Gundi. Nimemwambia aandike ninachosema, asinipambie maneno wala asinisahihishe.

Barua yako nilisomewa wiki mbili zilizopita. Umeniuliza jambo moja tu: binti yako anarudi kazini kiwandani Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, je, nitakaa na mtoto mchana? Najua umengoja jibu mpaka umechoka. Mdogo wangu, tangu marehemu mume wangu aondoke, nyumba hii ina vyumba viwili na sauti moja, nayo ni yangu, hata mimi imenichosha. Hakuna kitu ninachokitaka duniani kama mtoto yule. Jibu linakuja, ila lina njia yake, nivumilie.

Unaujua mchezo wa sataranji? Fundi alinifundisha mwaka jana nilipompelekea kiatu changu cha kushoto, ambacho mpaka leo hajakimaliza. Anasema asiliandike hilo. Liandike. Kete zake kazitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya kazi: mfalme ni kisigino cha kiatu cha bibi harusi, farasi ni kipande cha soli chenye pembe, askari ni vifungo, na za upande mweusi zote zina msumari kichwani. Nilianza kwa kupoteza muda tu. Baada ya miezi michache nilikuwa namfunga yeye, namfunga muuza magazeti, na kuna dereva mmoja mjuaji nilimfunga mara tatu mfululizo, akaondoka akisema anawahi kiatu chake nyumbani, kana kwamba viatu hutengenezwa huko.

Yakatokea mashindano ya wanaoanza, kwenye ukumbi wa maktaba. Ukifungwa mara moja unachukua mkoba wako unakwenda. Fundi akaniandikisha bila kuniuliza. Nilimfokea, halafu nikaikumbuka barua yako, nikajiwekea ahadi moyoni: nikishinda mchezo mmoja tu, mezani kwa watu, nitakujibu ndiyo, mleteni mtoto. Nikifungwa, basi, sistahili kuachiwa mtoto wa mtu. Kwa nini nilifunga mambo haya mawili kwa kamba moja, utajua sasa hivi.

Meza zilipangwa kama chumba cha mtihani, mimi ambaye shule niliionea dirishani. Na kimya! Nilimsalimia tu jirani yangu, mwamuzi akaweka kidole mdomoni. Nilipangiwa nesi mmoja, mama wa makamo, mikono imetulia. Vijana wa meza ya pili wakanong'ona kwamba nesi kapewa bibi, kapita bure. Nikawaambia bibi huyu kazika wajuaji wengi, wapange foleni. Mwamuzi akaweka kidole tena, halafu akatangaza sheria: ukigusa kete yako, lazima uichezeshe hiyo hiyo. Ukigusa umecheza. Kwenye benchi la fundi hatuna sheria hiyo.

Kete za pale ni za plastiki, nyembamba, laini, zinang'aa zote. Nilicheza nimebana mikono mapajani, siinyooshi mpaka nina hakika. Nikala farasi wake. Nikala ngome. Nikamsikia nesi anapumua kwa pua. Watu wakaanza kutuzunguka, na nyuma yao nakisikia kikohozi cha fundi, kile anachokohoa akiona ushindi. Hatua mbili tu nimfunge! Nilimtaka askofu wangu aende kona. Mbele yangu zilisimama kete mbili karibu karibu, moja askofu, nyingine askari anayemkinga mfalme wangu. Nikakodoa. Nikainamisha kichwa huku, nikakiinamisha kule. Saa ya mezani inazitafuna dakika zangu, jasho linaniteremka mgongoni, hakuna hata anayepiga mwayo. Mwisho mkono ukafanya ulichozoea, ukaenda kupapasa. Kidole kikatua juu ya kichwa cha mviringo. Askari. Nikaurudisha kama nimeshika jiko, lakini wapi. Mwamuzi akasema, taratibu, mama umegusa. Nikamsogeza askari, mlango ukabaki wazi, malkia wa nesi akaingia. Nimefungwa.

Nje fundi alinigombeza, eti hakunifundisha papara. Nikasingizia taa za ukumbini. Nesi akaja akanishika mkono, akaniuliza polepole ni tangu lini sioni. Nikamwambia naona sana. Akainua vidole, akaniuliza ni vingapi. Nilisema maneno mengi, mdogo wangu, lakini idadi sikuitaja. Na mwamuzi akasikitika: kumbe ningesema mapema ningewekewa kibao cha kupapasa. Asiyeona anaruhusiwa, na wako wanaocheza hivyo na kushinda. Mchezo nilikuwa nao mkononi. Nimeupoteza kwa kuficha.

Sasa fundi kaweka kalamu chini, ananitazama. Mwaka mzima alidhani nashikashika kete kwa wasiwasi tu. Andika, fundi, usinilie hapa.

Mdogo wangu, macho yangu yana ukungu, huu mwaka wa pili. Ngazi nazihesabu, unga na sabuni navijua kwa kunusa. Na liko kubwa zaidi. Mlipokuja mwezi uliopita, binti yako alimlaza mtoto kitandani kwangu, shuka nyeupe, naye kavaa nyeupe, akaenda kuoga. Niliingia na kapu la nguo, na pasi juu yake. Nilishaanza kulishusha pale pale alipolala. Akapiga chafya. Chafya tu, mdogo wangu. Nilisimama na kapu hewani mpaka mikono ikafa ganzi. Binti yako aliporudi alinikuta nacheka, nikamwambia mtoto ana usingizi mtamu. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza ukumbini.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Msimlete. Binti yako atafute mtu mwingine, na umweleze sababu yote, usinifichie hata kidogo. Akinikasirikia ana haki.

Nesi anasema ni mtoto wa jicho, huondolewa. Amenipangia hospitalini Alhamisi ya wiki ijayo, na hawamruhusu mtu kurudi nyumbani peke yake. Naogopa. Kisu jichoni nakiogopa kuliko kaburi. Njoo wewe, unishike mkono, na usinionee huruma mbele za watu.

Msalimie shemeji, wasalimie wote wa huko, na mtoto mbusu shavuni kwa niaba yangu. Kalamu sijui, nasaini kwa kidole gumba. Fundi amenishika mkono mpaka mahali pa kukiweka, na leo sikumwambia aniache.

Ni mimi,
dada yako