Njia Isiyo na Shikamoo

Jumatatu, 3 Juni
Hadi kisimani na kurudi. Baridi ya kukata masikio. Upepo wa mbele wakati wa kwenda, wa mbele tena wakati wa kurudi, sijui unafanyaje. Kuku wa kupeleka stendi nilikuwa sijawafunga miguu, Baba Rehema akanifungia huku akicheka. Eti mke wake wa miaka arobaini anakimbia na hakuna anayemkimbiza. Acheke. Nimeshajiandikisha mbio za Singida Mjini, kilomita ishirini na moja, na Kinyangiri nzima inajua kwa sababu mdomo wangu hauna kifuniko.

Alhamisi, 6 Juni
Tatizo langu si pumzi. Ni shikamoo. Kila mzee aliyeamka mapema yuko barabarani, na mzee hasalimiwi kwa kupunga mkono. Unasimama, unapiga goti kidogo, unaulizwa nyumbani, unaulizwa kuku, unaulizwa shamba.

Mzee Kitundu ndiye kiboko. Alikuwa rafiki wa marehemu baba. Anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi lake tangu alfajiri. Macho yameisha, mimi ananijua kwa miguu. Anasema wa kushoto naupiga chini kama ninaua nge. Kabla sijafungua mdomo ameshaniita. "Salome, leo umefika wapi?" Namweleza. Anataka na habari za njiani. Mpaka tuagane, jasho limenikaukia mgongoni.

Jumatano, 12 Juni
Daudi, mtoto wa dada, yuko mjini na amewahi kukimbia mbio hizi. Nimempigia. Kasema nisisimamesimame, nikisimama nimeanza upya. Sasa nifanyeje? Kumpita mzee bila salamu siwezi, ningesemwa mpaka kanisani.

Nimehama njia. Napita nyuma, kwenye mashamba ya alizeti. Wameshavuna, yamebaki mabua. Hakuna mtu, mbuzi tu, na mbuzi hawadai shikamoo. Leo nimekwenda moja kwa moja bila kusimama. Najiona mjanja.

Alhamisi, 20 Juni
Sikuamka.

Jumanne, 25 Juni
Nimevaa raba, nikakaa nazo kitandani mpaka jua likatoka. Baba Rehema hakucheka hata kidogo. Bora angecheka.

Nimewaza nikiwa nanyonyoa kuku. Kule nyuma nakimbia vizuri, narudi, hakuna anayeuliza nimefika wapi. Nisipokwenda pia hakuna anayeuliza. Nilidhani lile swali la Mzee linanichelewesha. Kumbe ndilo lilikuwa linaniamsha.

Jumamosi, 29 Juni
Mkwe wa Mzee Kitundu, Mama Neema, amekuja na maziwa kwenye kibuyu. Mzee kamtuma. Hasikii miguu yangu siku nyingi, anawaambia watu Salome anaumwa, ndiyo maana ameacha mbio. Nikasema ni mafua. Nikajikohoza na kujikohoza. Mtu mzima mimi.

Maziwa nimeyanywa. Mazuri, ya mgando. Nitampitia kesho.

Jumatatu, 8 Julai
Sijampitia. Jumapili ibada, Jumatatu mnada, halafu kuku wakashikwa na kideri, halafu basi tu. Nikiandika ukweli: naona aibu. Nikipita kule ataniuliza nilikuwa wapi, na nitamjibu nini? Kwamba nilikuwa namkimbia yeye?

Mazoezi nimeyarudia, kule kule kwenye mabua. Siku ya mbio inakaribia.

Jumapili, 14 Julai
Mama Neema amenikuta nje ya kanisa. Mzee hayupo. Binti yake wa Mwanza alikuja Alhamisi kumchukua, akakae kwake moja kwa moja. Gari ikaja alfajiri. Mzigo ukapakiwa. Mzee akagoma kupanda. Akakaa kwenye kigoda chake, akasema wasubiri, Salome atapita hapa, lazima atakuwa amepona. Wakasubiri mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Ile honi niliisikia. Nilikuwa kwenye mabua, nakimbia vizuri kuliko siku zote. Nikadhani ni lori la vitunguu.

Sijala leo. Baba Rehema anauliza nina nini. Nimejuta kuzijua mbio.

Jumamosi, 20 Julai
Nimemaliza. Nyuma kabisa, lakini nimemaliza kwa miguu yangu. Karibu na ziwa Kindai kulikuwa na mzee mmoja amesimama pembeni na fimbo yake, simjui hanijui. Nikasimama. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, halafu akashangaa. "Mwanangu, wenzako wanakwenda." Watu wakacheka. Nikaondoka machozi yananitoka, kila mtu akidhani ni uchovu.

Nimevishwa medali. Daudi kapiga picha. Kwenye picha nina uso wa mtu aliyetoka msibani.

Jumanne, 23 Julai
Mama Neema kanipa namba ya Mwanza. Nikapiga. Binti akampelekea Mzee simu sikioni.

Nikamwamkia. Akaitikia taratibu, kwa heshima, kama anavyomwitikia mgeni. Nikasema ni Salome, Mzee, nimefika mwisho. Simu inakwaruza. Nikarudia kwa sauti, kuku wote wakashtuka. Binti naye nikamsikia akimwambia sikioni, ni Salome, baba. Akasema hapana, Salome anamjua, sauti hii haijui. Akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Kinyangiri.

Akafurahi kweli.

"Basi ukimwona Salome huko, mwambie nampa pole. Asikate tamaa."

Nikasema nitamwambia.

Jioni nimepita njia ya mbele, kwa kutembea. Zizi limefungwa. Kigoda wamekiegemeza ukutani.