Redio Niliyoipima Juani

Takaba, Jumatatu baada ya masomo

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka kwenye joto. Hujambo huko kwenye ukungu wa Wundanyi? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kutoka shambani, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na Baba amekubali kwenda kupimwa presha, au bado anajificha nyuma ya redio zake? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, Mama, kabla hujauliza. Nakula wali na maharagwe, nyama ya mbuzi ikipatikana, na asubuhi nakunywa chai ya maziwa ya ngamia, ambayo siku za kwanza ilinishinda na sasa nikiikosa nanuna hadi saa nne.

Barua hii nampa mwalimu mwenzetu anayesafiri kesho kwenda Mombasa. Atashuka Voi aiache dukani kwa kaka Mwadime, naye atakuletea. Najua utasema si ningepiga simu tu. Mnara wa huku hufanya kazi siku ukipenda wenyewe, na hata ukikubali, haya ninayotaka kukuambia hayasemeki mtu akipiga kelele "Haloo! Haloo! Unanisikia?" mbele ya walimu wote. Nataka uyasome ukiwa umekaa.

Nianze na Jumapili ile ya kwanza. Najua ulilia. Baba alinitumia ujumbe, ukanifikia siku ya pili: "Mama yako amelia akaondoka chumbani, anasema yule si wewe." Mama, wallahi (ona, nimeshaanza kuapa kama watu wa huku), yule alikuwa mimi.

Unakumbuka tulivyoachana likizo ilipokwisha. Wewe unataka nichukue ile nafasi ya Mwatate nirudi karibu. Mimi nataka kubaki na wasichana wangu wa kidato cha tatu mpaka wamalize shule, maana mwalimu wa fizikia aliyekuwapo kabla yangu aliwaacha katikati ya muhula, na wa kabla yake vilevile. Ukasimama mlangoni ukasema, "Nitakuacha ukae nikisikia sauti yako kila Jumapili. Sauti, si ujumbe wa simu. Nisipoisikia, urudi." Baba akadakia mbiombio kwamba redio ya kuongelea, yake huko na yangu huku, itaifanya kazi hiyo, na wewe ukamwangalia kama mtu anayekuuzia mbuzi kipofu. Mwalimu mkuu naye alitaka jibu langu la uhamisho kabla shule hazijafungwa. Kwa hiyo roho yangu yote ilikuwa ndani ya kile kisanduku nilichounda na Baba pale mezani kwako, tukikichoma kitambaa chako cha meza kwa risasi iliyoyeyushwa ya kuungia nyaya, na pole tena kwa kile kitambaa.

Nilipofika tu huku niliibeba redio pamoja na leseni yangu, nikampelekea mkuu wa kituo cha polisi aione. Karibu na mpaka, mtu hasimamishi waya juu ya nyumba bila kuulizwa. Akaitazama, akaigeuzageuza, akaniuliza kama inashika mpira. Nikamwambia haishiki. Akanirudishia.

Sasa sikiliza, nikueleze kilichotokea, na usiruke sehemu hii. Kwenye uso wa redio kuna kioo kidogo cha namba, kinachoonyesha uko kwenye masafa gani. Redio ya dukani hupimwa kiwandani. Ya kuunda unaipima mwenyewe. Ndani yake kuna kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka, na namba zote zinahesabiwa kutokana na mtetemo huo. Basi unatafuta stesheni kubwa ambayo masafa yake yanajulikana, unaisogelea polepole. Kwanza unasikia mluzi mwembamba. Ukisogea, mluzi unashuka, unakuwa mnene, unanguruma, halafu unanyamaza. Pale kwenye kimya ndipo mmelingana, na namba zisiposema hivyo unazirekebisha mpaka ziseme.

Baba alinifundisha tangu nikiwa mdogo: pima mchana, ongea jioni. Na mimi mwana mtiifu nikapima mchana. Adhuhuri, sola ikiwa na nguvu, nikaiweka redio dirishani penye mwanga, kifuniko wazi, chini ya mabati. Nikashika stesheni ya Kiarabu inayosikika vizuri, nikaishusha mpaka ikanyamaza, nikafurahi kama mtu aliyepasi mtihani. Nikafunga kifuniko.

Mama, huko kwetu mchana unavaa sweta na jioni unavaa sweta. Huku adhuhuri huwezi kugusa kitasa cha mlango! Fuwele nayo ikipata joto hutoka kwenye mstari kidogo. Mimi nikaipima ikiwa inachemka, kisha baada ya Maghrib, upepo umeanza kupuliza na chumba kimepoa, ikarudi kwenye mtetemo wake mwingine, na kioo kikaendelea kuonyesha namba zilezile bila haya. Nikawaita kwenye namba tuliyokubaliana, kumbe siko hapo. Niko kando tu, karibu vya kutosha kusikika, mbali vya kutosha kuharibika sauti. Baba akazungusha kitufe anifuate, na mimi huku nikazungusha nimfuate yeye, tukapishana kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango mwembamba. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya bata. Na wewe bila shaka ulimsikia bata anajiita Wakesho.

Habiba, mwalimu wa dini ambaye chumba chake kimepakana na changu, alikuwa akianua nguo nje. Akachungulia. "Abaayo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita dada huku, na P yake ni B, "hiyo redio yako anaumwa nini? Analia kama mbuzi amemeza blastiki." Nilimfukuza, Mungu anisamehe. Nilikasirika na redio, nikakasirika na Baba, na ujumbe ulipofika nikakasirika na wewe pia kwa kuondoka chumbani kabla hatujamaliza kutafutana.

Wiki ile nilipima mchana, nikarudia mchana, kila mara ikikaa sawa na kila jioni ikiharibika. Nilishuku waya, nikashuku nati, nikafungua nikachoma upya viungo ambavyo havikuwa na kosa lolote. Mpaka Alhamisi nilipoishika redio kuiondoa dirishani ikanichoma vidole, nikaiangusha kitandani, nikakaa chini nikacheka peke yangu. Mwalimu wa fizikia! Nimesimama mbele ya darasa nikiwaeleza watoto wa watu namna joto linavyotanua vitu, halafu nyumbani nakaanga redio yangu kama yai.

Tangu siku hiyo nikawa naipima jioni, kivulini, baada ya adhana, saa ileile tunayoongea. Stesheni ikashuka, ikanguruma, ikanyamaza, na kesho yake jioni nikaikuta palepale. Habiba alikuja akasikiliza, akasema, "Leo amebona." Nikamkaribisha chai.

Sasa tufike jana. Baba atakuwa amekwambia kwamba sikujibu kwa sababu redio imekufa. Haikufa, Mama. Niliwapata. Nilifungua kwenye namba yetu na Baba alikuwa hapo hapo, safi, nikasikia hata anavyovuta pumzi kwa pua kabla ya kusema. "Wakesho, Wakesho, hapa ni nyumbani." Nikabonyeza kujibu na kioo kikazimika. Zile jioni zote za kupima zilikuwa zimekula betri kidogo kidogo, na kwa siku mbili vumbi lilikuwa limefunika anga, sola haikupata kitu. Kusikiliza hakuli umeme mwingi, kuongea ndiko kunakokula. Nikiachia, kioo kinarudi na Baba anarudi. Nikibonyeza, giza. Nilijaribu mpaka nikaona aibu.

Basi nikaacha kubonyeza, nikasikiliza. Na unajua Baba anavyosahau kidole kwenye kipaza sauti. Aliita mara ya mwisho, kisha hakuachia. Akakuuliza, "Sasa nimwandikie arudi, kama ulivyosema?"

 Nikasikia kiti kikisogea. Nilishika meza kwa mikono yote miwili.

Ukasema, "Arudi, wale wasichana wabaki na nani? Hukumwona likizo akiongea habari zao, uso wake unavyokuwa? Mimi namtaka hapa. Namtaka leo, aingie hapo mlangoni na viatu vyake vya vumbi. Lakini usimwandikie." Halafu ukasema polepole, na hapa ndipo niliposhindwa, "Mimi nitakuwa nakuja kukaa hapa kila Jumapili. Hata asiposikika."

Baba akasema, "Haya," na redio ikazima.

Nililia, Mama, kwa sauti. Habiba akaja mbio akidhani nimefiwa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mama yangu ameongea. Akakaa kando yangu, akasema na yeye mama yake yuko mbali, Lafey, akiongea naye kwenye simu hulia baadaye akiwa anaosha vyombo, asionekane. Tukacheka wote wawili na kamasi zetu.

Leo asubuhi nimemwambia mwalimu mkuu kwamba sihami. Betri nimeiazima nyingine kwenye maabara, na sola nimeipangusa.

Nisalimie nyanya, umwambie bado namkumbuka kwenye sala. Shangazi wa dukani, anayeniwekea ndizi mbivu kila nikija, asimpe mtu mwingine zangu. Kaka Mwadime na mke wake, na kitoto chao ambacho bado sijakibeba. Baba msalimie sana, na umwambie ile kanuni yake ya mchana ni ya milimani.

Jumapili usikae nyuma ya Baba. Mnyang'anye kipaza sauti. Uniulize mwenyewe kama nimekula, nami nitakujibu kwa sauti yangu.

Ni mimi mwanao, niliyekusikia kila neno,

Wakesho